Nikitia saini, ndiyo basi nimefungwa mdomo?

"Wakili, habari. Nina miaka 43, naishi Kent, jimbo la Washington. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikitunza wazee katika kampuni yenye nyumba tano na wafanyakazi kama 30. Novemba iliyopita msimamizi wa shifti ya usiku alianza kunishika kiuno nikiwa jikoni naandaa dawa za wazee. Nilimkataza, ila hakuacha mpaka Februari. Baada ya hapo akawa anaiga matamshi yangu mbele ya wenzangu na kusema usiku ni wa Waafrika. Mwezi wa tatu nikalalamika HR, ofisi ya wafanyakazi. Wiki mbili baadaye saa zangu zikapunguzwa. Sasa ni mwezi wa sita wameniita, wanasema tuachane kwa wema, watanipa dola 8,000, nitie saini kwenye simu kabla ya Ijumaa jioni. Ukurasa wa nne unasema nisimwambie mtu yeyote yaliyotokea, hata mume wangu, na nikivunja narudisha pesa zote. Mume wangu bado hajui. Rafiki yangu wa chama anasema Biden alifuta karatasi za namna hii, kwa hiyo nisaini, nichukue pesa, halafu nishtaki. Mwingine anasema nikisaini ni basi. Nilipoajiriwa pia nilisaini karatasi ya siri za kampuni. Nina meseji zake tano, na sauti yake niliyomrekodi bila yeye kujua. Kesi yangu ya karatasi za uhamiaji haijaisha, nina kibali cha kazi tu. Nisaini?"

Dada yangu, nianze na la mwisho: usisaini Ijumaa hii. Sikwambii uikatae pesa. Huenda mwishowe ukaichukua, na hakuna aibu yoyote katika hilo. Lakini hiyo Ijumaa wameiweka wao. Waandikie barua pepe ya mistari miwili: nimeipokea karatasi, nahitaji muda niipitie na wakili. Basi, usiongeze neno. Kampuni iliyofika hatua ya kukuandalia karatasi ya kurasa kadhaa haiifuti kwa sababu umeomba siku chache, na ikiifuta, kitendo hicho chenyewe kitampa wakili wako cha kuongea.

Rafiki zako wote wawili wameshika kipande cha ukweli, na kila mmoja amekishika upande usiofaa. Tatizo ni kwamba karatasi uliyoletewa ni moja, ila ndani yake kampuni inanunua vitu viwili kwa bei moja. Inanunua haki yako ya kuishtaki, na inanunua mdomo wako. Wengi wanaoniandikia huviona kama kitu kimoja, na karatasi zenyewe huandikwa hivyo makusudi, kurasa saba za maneno mazito bila nafasi ya kupumua. Kwa sheria ya jimbo lako, haki ya kushtaki inauzwa. Mdomo hauuzwi.

Sheria hiyo inaitwa Silenced No More, yaani wasinyamazishwe tena, na ilianza kutumika Washington tarehe 9 Juni 2022. Inasema kwamba kifungu chochote kati ya mwajiri na mfanyakazi kinachomzuia mfanyakazi kusema jambo ambalo yeye, kwa sababu za msingi, aliamini ni ubaguzi haramu, unyanyasaji, kulipiziwa kisasi, kunyimwa ujira halali au shambulio la kingono, ni batili. Haijalishi kilitokea jikoni kazini au kwenye sherehe ya kampuni nje ya kazi. Hata kule kusema kwamba mlimalizana hawawezi kukuzuia. Angalia pia neno "aliamini". Sheria haikutaki uwe umeshinda kesi kwanza ndipo upate ruhusa ya kusimulia. Inatosha kwamba mtu wa kawaida akisimama mahali pako angeona kuna kosa, na mtu anayekushika kiuno baada ya kukatazwa hahitaji mjadala mrefu.

Kitu kimoja tu katika kumalizana kwenu wanaweza kukufungia nacho, nacho ni kiasi cha pesa. Kama karatasi inasema usitaje zile dola 8,000, hapo inakubana. Kwa hiyo unaweza kumwambia dada yako alichokufanyia yule bwana, na kwamba mlimalizana na kampuni. Ulicholipwa unakinyamazia.

Sasa kuna jambo nadhani wewe na kampuni yako hamjaliona. Sheria hii inakataza mwajiri hata kuomba kifungu cha namna hiyo, achilia mbali kukitumia. Mwajiri anayeivunja anaweza kushtakiwa alipe hasara halisi uliyopata au dola 10,000, ipi iliyo kubwa, pamoja na gharama za wakili. Soma tena ukurasa wa nne, halafu uangalie pesa wanayokupa. Kama kifungu kinasema vile ulivyoniandikia, kule kukuletea tu huenda kumewaingiza kwenye deni kubwa kuliko kiinua mgongo chenyewe. Nasema huenda kwa sababu mimi nimesoma maelezo yako tu, na katika mikataba neno moja kama "isipokuwa pale sheria inaporuhusu" likichomekwa mwishoni mwa aya hubadilisha mambo. Wakili atakayeishika karatasi yenyewe ndiye atakayekuambia kama lipo.

Huyo rafiki aliyemtaja Biden hakuizua hadithi. Tarehe 7 Desemba 2022 Rais Biden alisaini sheria ya taifa iitwayo Speak Out. Ila sheria hiyo inagusa karatasi za usiri zilizosainiwa kabla ya mgogoro kuzuka, na tena kwa madai ya unyanyasaji na mashambulio ya kingono tu. Lengo lake ni ile rundo la karatasi unalosaini siku ya kwanza kazini, kalamu ya kuazima mkononi, wakati hata choo kilipo hujaonyeshwa. Ile karatasi yako ya "siri za kampuni" iko humo, na sheria ya Washington nayo inarudi nyuma na kubatilisha vifungu vya aina hiyo katika mikataba ya zamani ya ajira. Kwa hiyo usiiogope. Lakini karatasi ya Ijumaa imekuja baada ya ugomvi, na hapo sheria ya taifa haikusaidii. Inayokulinda ni ya jimbo. Ungekuwa unaishi jimbo lingine ningekujibu tofauti. Kule New York, kwa mfano, usiri wa namna hii unaruhusiwa ikiwa mlalamikaji mwenyewe ndiye anayeutaka, akipewa siku 21 za kufikiri na siku 7 za kujirudi. Ndiyo maana nawasihi watu wasinakili ushauri wa binamu aliyeko Texas au Minnesota.

Ukiuliza kwa nini sheria hizi zimezuka miaka hii, kumbuka habari za Harvey Weinstein, yule mtayarishaji wa filamu wa Hollywood aliyeshutumiwa na wanawake wengi kwa unyanyasaji wa kingono, Oktoba 2017. Msaidizi wake wa London, Zelda Perkins, alikuwa amefungwa na mkataba wa usiri tangu 1998, mkataba mkali kiasi kwamba hata nakala yake hakuruhusiwa kubaki nayo. Fikiria hilo kidogo: unafungwa na maneno ambayo huwezi kwenda kuyasoma tena. Kwetu tunasema funika kombe mwanaharamu apite, ila hapa aliyepita ni mwanamke mwingine, na mwingine, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Washington ilitunga sheria ya kwanza mwaka 2018, lakini iliacha tundu: ilizuia usiri wa siku ya kuajiriwa na kuuacha ule wa siku ya kumalizana. Waajiri wakapita hapohapo. Wafanyakazi wawili kutoka kampuni kubwa za teknolojia, Chelsey Glasson aliyekuwa Google na Cher Scarlett aliyekuwa Apple, ni miongoni mwa waliolisukuma bunge la jimbo lizibe tundu hilo. Karatasi yako ingekuja mwaka 2019, barua hii ningeiandika kwa huzuni zaidi.

Sasa lile la "saini, chukua pesa, halafu shtaki." Hapana. Hili ndilo kosa linaloniumiza kuliko yote, maana watu hulifanya wakiwa na furaha. Kifungu cha usiri kikiwa batili, kinachoanguka ni chenyewe. Karatasi nzima haianguki. Ukurasa wa pili au wa tatu utakuta sehemu yenye kichwa "General Release", na hapo ndipo unaposema umeiachilia kampuni madai yako yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, mpaka siku ya saini. Hicho kwa kawaida kinasimama. Utabaki na uhuru wa kusimulia kisa chako ulimwengu mzima, ila mlango wa kudai fidia kwa kisa hichohicho umeufunga kwa mkono wako. Aliyekuambia "ukisaini ni basi" alikuwa sahihi kuhusu kesi. Kuhusu mdomo alikosea.

Na hata kwenye kesi kuna kijidirisha. Hakuna karatasi inayoweza kukuzuia kupeleka malalamiko EEOC, tume ya taifa ya usawa kazini, wala kuongea nao wakikuita. Pesa binafsi kutokana na malalamiko hayo unaweza kuwa umeshazikana, lakini haki ya kwenda na kusema iko palepale.

Umri wako nao una faida, usicheke. Kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi ikitaka mtu wa miaka 40 na kuendelea aachilie madai ya ubaguzi wa umri, sheria ya taifa inaitaka impe siku 21 za kuipitia karatasi na siku 7 za kujirudi baada ya saini, na imshauri kwa maandishi aonane na wakili. Masharti hayo ni ya madai ya umri pekee, lakini karatasi za kuachilia "madai yote" karibu kila mara huyataja humo humo. Kama yako inataja umri na inakupa mpaka Ijumaa tu, aliyeiandika ama ana haraka ama alinakili ya mtu mwingine vibaya.

Nije kwenye ile rekodi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Washington ni kati ya majimbo ambako kurekodi mazungumzo ya faragha bila pande zote kukubali ni kosa la jinai. Kuna visamaha vichache, kama vitisho vya kudhuru mwili, lakini usijipe wewe mwenyewe kimojawapo. Usimrekodi tena. Usiitume kwenye grupu la chama, usimsikilizishe mtu, usimpe HR. Usiifute pia, kwa sababu kufuta kitu ukijua kesi yaweza kuja huleta balaa lake. Mwambie wakili kwanza, kwa siri ya wakili na mteja. Zile meseji tano ni jambo jingine kabisa, hizo alizituma mwenyewe. Zipige picha zikiwa na tarehe na namba, uzihifadhi mahali ambapo si simu wala barua pepe ya kazini. Halafu chukua daftari uandike usiku ule wa jikoni kama unavyoukumbuka: ilikuwa saa ngapi, nani alikuwa zamu, ulikuwa umeshika nini mkononi. Mambo madogo ya namna hiyo ndiyo yanayoaminika.

Uhuru wa kusema una mipaka yake, nisikufiche. Majina na maradhi ya wazee unaowatunza hayaingii kwenye kisa chako. Hayo yana ulinzi wake wa kisheria na ukiyataja utawapa kampuni fimbo ya kukuchapa. Ukisema jambo la uongo juu ya yule msimamizi, anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina, na kwenye sauti ya WhatsApp ya dakika sita mtu huongeza chumvi bila kujijua. Sema uliyoyaona na uliyofanyiwa. Ya kusikia yaache. Tena haki ya kusema si amri ya kusema. Nimekuwa na wateja ambao baada ya yote walichotaka ni kunyamaza na kulala usingizi, na walikuwa na haki hiyo pia.

Kuna kalenda ambayo haikuandikwa kwenye karatasi yao, na hiyo ndiyo ya kukutia haraka. Kwa EEOC una siku 300 tangu tukio, maana yake yale ya Novemba yanaanza kufungwa mwisho wa mwezi wa nane na kuisha mwezi wa tisa. Tume ya haki za binadamu ya jimbo inatoa miezi sita, na kwa tukio la mwisho la Februari ni mwezi wa nane. Mahakamani kwa sheria ya jimbo ni miaka mitatu. Pale unyanyasaji ulipokuwa mfululizo, tukio moja ndani ya muda laweza kuyavuta yaliyotangulia, lakini usijenge nyumba juu ya "laweza". Mama mmoja aliwahi kuniletea karatasi ya namna hii aliyoitunza ndani ya Biblia miezi kumi na moja, akisubiri kampuni imjibu barua yake. Wale hawakuwa na haja ya kumjibu. Kalenda iliwafanyia kazi.

Sasa tupime. Ukichukua zile 8,000 kama zilivyo, ujue kwanza hutazishika zote: malipo ya kumalizana kesi ya aina hii kwa kawaida hukatwa kodi, kwa kuwa hakuna jeraha la mwili. Ukiwa na kodi ya nyumba ya miezi miwili mgongoni, hiyo bado ni pesa, na sitakuhubiria. Njia ya pili ni kurudi mezani ukiwa na wakili: ukurasa wa nne utoke, pesa iongezwe, na kiwekwe kifungu kwamba mwajiri wako mpya akipiga simu ataambiwa tarehe ulizofanya kazi na cheo chako, si zaidi. Wakili anayejua kazi atawakumbusha pia kwamba tangu sheria ya kodi ya Desemba 2017 kampuni haiwezi kukata kwenye kodi yake malipo ya madai ya unyanyasaji wa kijinsia yanayoambatana na usiri. Nakuambia ukweli, upande wa pili hupenda kujibu kwamba bila usiri hawana cha kununua, kwa hiyo watalipa kidogo. Mara nyingine ni kweli. Kinachowafanya waongeze ni ubora wa kesi, na yako ina meseji na ina saa zilizopunguzwa wiki mbili baada ya malalamiko. Kwa jicho langu, hilo la saa ndilo lenye nguvu kuliko yote.

Njia ya tatu ni kukataa na kupeleka malalamiko. Kwa kampuni ya watu 30, sheria ya taifa inaweka kikomo cha dola 50,000 kwa maumivu ya moyo na adhabu, mishahara iliyopotea ikihesabiwa kando. Sheria ya jimbo, inayomgusa mwajiri mwenye watu wanane na kuendelea, haina kikomo kwa maumivu ya moyo, ndiyo maana mawakili wa huko hupenda kupitia mlango wa jimbo. Lakini inaweza kuchukua mwaka, miwili, na utaulizwa maswali ya aibu mbele ya watu usiowajua. Mimi ningeanza na njia ya pili, hii ya tatu ikionekana nyuma yako kama fimbo ukutani.

Kuhusu karatasi za uhamiaji: sheria za ubaguzi kazini zinamlinda mfanyakazi wa hali yoyote ya uhamiaji, na mwajiri akikutishia kwa hilo kwa sababu umelalamika, hicho ni kisasi kingine juu ya kile cha kwanza. Hata hivyo kesi yako ina mambo yake, na anayeishughulikia ajue habari hii kabla hujasaini chochote. Kama huna wakili wa uhamiaji, Northwest Immigrant Rights Project hufanya kazi hiyo kwa watu wa kipato cha chini katika jimbo lako.

Kwa upande wa kazi, hili ni la kuonana ana kwa ana, barua yangu haitoshi. Pale Seattle Fair Work Center husaidia wafanyakazi wa kipato kidogo, na mawakili wengi wa upande wa wafanyakazi husikiliza mara ya kwanza bila malipo au hulipwa sehemu ya fidia ukishinda, mara nyingi kama theluthi. Muulize mapema hiyo theluthi inahesabiwa kabla au baada ya gharama. EEOC nao wana ofisi Seattle. Waombe mkalimani wa Kiswahili, usione haya, hata kama Kiingereza chako kinatosha kazini. Nenda na karatasi nzima iliyochapishwa, barua yako ya malalamiko kwa HR, ratiba za shifti za kabla na baada, na hati za malipo. Na kama yule msimamizi akikugusa tena, au akikufuata nje ya kazi, hiyo ni kazi ya polisi usiku huohuo, usisubiri miadi.

Kuna jambo moja halihitaji miadi ya wakili. Mume wako akirudi leo, mwambie. Hujasaini chochote, na hata ungekuwa umesaini, wasingekuwa na nguvu ya kukuzuia.